Kupandisha versioni ya lojisieli ya biashara mliyojishonea wenyewe: mwongozo kamili toka Lubumbashi

Patro akiniita kuniambia "fundi, tupandishie ile lojisieli, versioni yetu imezeeka, wikiendi hii utakuwa umemaliza?", mimi namuuliza swali moja kwanza: mmeiongezea nini tangu muinunue? Kimya. Anaita kontabli, kontabli naye anaita kijana wa informatiki, kijana anasema yule aliyeandika zile moduli (vipande vya programu mlivyoongeza juu ya lojisieli) alishaenda Kinshasa na hakuacha karatasi hata moja. Hapo ndipo kazi yetu inaanzia, na ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa urefu.

Naongelea lojisieli zinazobeba biashara nzima, mauzo, stoki, kese, kontabilite, mishahara, vyote mahali pamoja. Mifano yangu mingi ni ya Odoo juu ndiyo ninayoshika kila siku, ila ukiwa na Sage au nyingine yoyote mpangilio haubadiliki sana. Lojisieli tupu, vile inavyotoka kiwandani, inapanda kwa masaa machache. Kinachokula miezi ni yale mliyoyashonea juu yake, butoni, ripoti, faktire yenye sura yenu, kibali cha patro kabla ya punguzo, yote hayo yaliandikwa kwa versioni ya zamani na versioni mpya haiyajui.

Nitashika mfano wa depo moja ya vifaa vya ujenzi hapa mjini, simenti, mabati, feri, rangi, depo kubwa iko Kampemba na wana sehemu za kuuzia Kolwezi na Kasumbalesa. Walikuwa kwenye Odoo 14, ile ya oktoba 2020, wakataka kwenda 18, ya oktoba 2024. Walikuwa na moduli 31 za kwao. Shika hiyo namba, tutairudia.

Kwanza, hakikisha una sababu

Usipandishe juu jirani amepandisha. Sababu nzuri ni chache: versioni yako haipewi tena matengenezo (Odoo wanahudumia versioni tatu za mwisho tu, na mpya inatoka kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka mitatu hivi uko peke yako), au serveri yenyewe imezeeka, au kuna sharti la kodi ya serikali ambalo versioni ya zamani haiwezi kulibeba. Pia kama kuna kazi watu wanaifanya kwa mkono kila siku na versioni mpya inaifanya yenyewe, hiyo ni sababu, iandike na ihesabie masaa. Kama huna hata moja kati ya hizo, pesa hiyo nunulia onduleri nzuri na disko za bakapu, urudi kwenye swali hili mwaka ujao.

Hesabu ya marekebisho, hapa ndipo utakaa sana

Watu wengi wanafanya hesabu hii kwa kufungua folda ya moduli na kuandika majina, wanamaliza saa moja, wanaridhika. Haitoshi hata kidogo. Folda inakuambia kitu gani kipo, haikuambii nani anakitumia. Mimi nachukua kiti, naenda kukaa pembeni ya mama wa kese toka asubuhi mpaka saa sita, simuulizi kitu, naangalia mikono yake. Halafu naenda depo, kwa wale wanaopakia lori. Halafu kwa kontabli, siku ya mwisho wa mwezi, siyo siku nyingine, juu siku ile ndipo ripoti zote za ajabu zinatoka kabatini.

Pale Kampemba kulikuwa na butoni ya kijani kwenye kila faktire, imeandikwa "Kontroli 2". Nikamuuliza mama wa kese ni ya nini. Akanijibu: "Papa, ile tunafinyaka tu, atujue juu ya nini, tangu zamani inakuwaka vile." Nikaingia kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, nikakuta iliandikwa wakati fulani kulipokuwa na wizi wa simenti, butoni inatuma imeli kwa gerani ili athibitishe mzigo kabla lori halijatoka. Yule gerani alishaacha kazi miaka mingi, imeli zinaenda kwenye adresi isiyofunguliwa na mtu. Mama amefinya butoni ile maelfu ya mara. Kuiandika upya kwa versioni 18 ingekula siku mbili za mtu wa kodi na hakuna mtu ambaye angefaidika.

Na upande wa pili, kitu cha maana kuliko vyote hakikuwemo kwenye folda kabisa. Kijana wa depo ana faili ya Excel inayojiunga moja kwa moja na databesi kusoma stoki ya mabati kwa urefu na geji, na anatumia hiyo kila asubuhi kupanga lori za Kolwezi. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Ukibadilisha versioni, majina ya jedwali za ndani yanabadilika, faili ile inakufa, na lori za asubuhi zinasimama. Kwa hiyo uliza kila mtu: una Excel gani, una kaye gani, unakopi nini toka wapi unapeleka wapi? Mama mmoja wa Kasumbalesa alinijibu: "Minaandikaka mu kaye, mangaribi njo minaingiza mu mashini." Hilo nalo ni rekebisho, hata kama halina kodi, juu linaonyesha lojisieli inachelewa pale mtandao ukiwa dhaifu, na hiyo ni habari utakayoihitaji.

Kila kitu unachokikuta kiandikie mstari mmoja: kinafanya nini, nani anakitumia, mara ngapi kwa wiki, kikikosekana siku moja nini kinaharibika. Kisha kila mstari unapewa hukumu moja kati ya tatu. Tupa. Rudisha kwenye standadi. Andika upya.

Hiyo ya katikati ndiyo watu wanaisahau. Miaka mingi lojisieli imekua, na yale uliyolipia kuandikiwa zamani siku hizi yamo ndani. Mfano wao wa kukata senti: faktire ni dola 47,35, tuseme kurso ya siku ni 2300, inakuwa franka 108 905, na hakuna atakayerudisha franka tano kwenye kese, kwa hiyo walikuwa na moduli yao ya kukata mpaka 50 ya karibu, 108 900. Ile kazi Odoo inaifanya yenyewe, kuna sehemu ya kuweka kiwango cha kukatia na akaunti itakayobeba tofauti. Moduli nzima ikaenda. Lakini faktire kuonyesha dola na franka pamoja kwenye karatasi moja, na kurso ya siku ile iliyotumika, wateja wanaidai na kontabli anaidai, hiyo iliandikwa upya.

Zile 31 ziliishia hivi: 14 zilitupwa, 8 zilirudi kwenye standadi, 9 ziliandikwa upya. Bei ya kazi ilishuka zaidi ya nusu kabla hatujagusa kodi. Ukitaka kuokoa pesa kwenye mradi huu, okolea hapa, usiokolee kwenye majaribio.

Onyo moja: patro lazima asaini ile orodha ya kutupa. Usitupe kitu kwa akili yako, hata kama una uhakika, juu siku moja atakiulizia.

Njia ya kupita

Odoo ya bure, ile ya Community, haina huduma ya kupandishwa toka kwa wenyewe, watu wanatumia OpenUpgrade, programu ya bure ya kupandishia, na hiyo inapita ngazi moja moja, 14 kwenda 15, 15 kwenda 16, mpaka ufike. Ukiwa na abonema ya Enterprise unapeleka databesi yako kwao wanakurudishia imeshapanda, ila moduli zako ulizojiandikia ni kazi yako, isipokuwa kama mkataba wako unasema vingine. Usome mkataba.

Mtu wa kodi ajue yanayomsubiri njiani. Kwenye 16 namba za loti zilibadilishiwa jina ndani ya databesi, na kontabilite ya analitiki ikawa mgawanyo kwa asilimia badala ya akaunti moja. Kwenye 17 ule mtindo wa zamani wa kuficha sehemu kwenye ekrani kwa "attrs" uliondolewa, kila ekrani uliyorekebisha lazima iguswe. Kwenye 18 neno "tree" kwenye orodha likawa "list". Na anayetoka mbali zaidi, 12 kurudi nyuma, aende polepole kwenye faktire, juu toka 13 faktire na maandiko ya kontabilite viliunganishwa kuwa kitu kimoja, na ripoti yoyote iliyosoma faktire mahali pa zamani haitakuta kitu.

Serveri pia. Odoo 18 inataka Python (lugha iliyoandikiwa) 3.10 kwenda juu na PostgreSQL (databesi yake) 12 kwenda juu, kwa hiyo mara nyingi unafunga serveri mpya pembeni kuliko kugusa ile ya zamani. Na mimi napenda hivyo, ile ya zamani inabaki imesimama vile ilivyo, ni mlango wa kurudia.

Safisha kabla ya kuhama

Nyumba chafu ukiihamisha unahamisha na uchafu. Wateja walioandikwa mara tatu (jina moja na herufi kubwa, moja na ndogo, moja na namba ya simu ndani ya jina), faktire za brouillon (zilizoanzwa bila kuthibitishwa) za miaka miwili, malipo yasiyounganishwa na faktire zake, stoki iliyoenda chini ya sifuri. Hiyo ya stoki hasa. Stoki hasi ikipanda na versioni mpya thamani yake inakuja na maajabu, na hutajua kama kosa ni la kupandisha au lilikuwepo. Fanya inventere ya kweli, watu wanahesabu feri kwa mikono, usahihishe kwenye versioni ya ZAMANI, ndipo uendelee.

Tarehe

Chukua kalenda ya kwetu, siyo ya mtu mwingine. TVA, ile kodi ya mauzo, inatangazwa DGI, ofisi ya kodi, mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo toka tarehe 1 mpaka 15 usimsumbue kontabli. Desemba na januari kuna kufunga mwaka na inventere. Mpaka mwisho wa aprili kuna tangazo la faida ya mwaka. Msimu wa mvua, kuanzia novemba mpaka machi hivi, radi na kurani kukatika ni vingi, na kupandisha databesi kukikatizwa katikati ni kuanza upya. Ukiondoa hayo yote zinabaki wikiendi baada ya tarehe 15, kati ya mei na oktoba, na mimi napenda zaidi juni mpaka agosti, ukame, ujenzi unaenda kasi lakini mashini hazikatikikatiki. Wikiendi yenye siku ya mapumziko jumatatu ni dhahabu.

Miezi: kwa biashara kama ile ya Kampemba, hesabu na usafi vilikula wiki sita, kodi wiki saba, majaribio wiki tano. Ongeza wiki tatu juu mtu ataugua au patro atasafiri.

Nakala ya majaribio, na kosa nililolifanya

Unachukua bakapu ya databesi NA folda ya mafaili yake, vyote viwili, juu faktire zilizoskaniwa na picha hazimo ndani ya databesi, watu wanasahau wanakuta viungo vimekatika. Unairejesha kwenye serveri ya pembeni. Kisha kabla ya kufanya kitu kingine chochote unaifunga mdomo.

Hili naliandika kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwa mteja mwingine hapa mjini, nilirejesha nakala usiku wa alhamisi nikaenda kulala. Nakala haijui kwamba ni nakala. Saa kumi na mbili asubuhi kazi zake za ratiba zikaamka, ikaona faktire zilizochelewa, ikatuma barua za kudai kwa wateja wa kweli, zaidi ya mia mbili, na nyingi zilikuwa zimeshalipwa wiki ile. Kuna mzee mmoja, mteja wa miaka mingi, alikuja mwenyewe na risiti zake mkononi, akaketi bila kusema kitu. Niliwaomba radhi mmoja mmoja kwa simu, siku mbili.

Kwa hiyo: zima serveri za imeli za kutoka, zima kazi zote za ratiba, ondoa funguo za mobile money na za benki, na kama mnatoa faktire normalizee ya DGI kata ule muungano kabisa kwenye nakala, faktire ya majaribio isifike huko. Toka Odoo 16 kuna amri ya "neutralize" inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini kwenye 14 unafanya kwa mkono, na hata ukiwa nayo pitia mwenyewe. Weka pia rangi nyingine kwenye ekrani, nyekundu kubwa juu, watu wasichanganye.

Sasa unapandisha nakala, mara ya kwanza itaanguka, ni kawaida, unarekebisha, unarudia toka mwanzo. Kila mara andika masaa. Pale tulipandisha mara tano, ya kwanza ilikula masaa kumi na moja na kukwama, ya tano ilikula masaa manne na dakika ishirini bila kukwama. Namba hiyo ya mwisho ndiyo utakayoitumia kupanga wikiendi.

Baada ya kila mara, linganisha zamani na mpya, kwa tarehe ile ile, akaunti kwa akaunti za SYSCOHADA, ule mpangilio wa kontabilite tunaoutumia: 411 wateja, 401 wanaotuletea mizigo, 31 bidhaa, 443 na 445 za TVA, 52 benki, 57 kese. Tofauti inayokubalika ni sifuri. Mtu akikuambia "ni dola tatu tu" mwambie tafuta dola tatu, juu nyuma yake mara nyingi kuna mia tatu zinazoongezeka na mia tatu zinazopungua. Sisi tulikuta tofauti ya dola 16 kwenye 443, na tulipoifuata tulikuta faktire moja ya dola 116 na TVA ya 16% ndani, iliyofutwa nusu nusu mwaka wa nyuma, kosa la zamani kabisa ambalo hakuna aliyeliona.

Wenye kazi ndio wajaribu

Usiwape watu ekrani mpya na kuwaambia "jaribuni", watafungua, watasema ni nzuri, watafunga. Chukua siku moja ya kweli, tuseme jumanne iliyokuwa na shughuli nyingi, na faktire zake zote, mapokezi ya mizigo yote, malipo yote, mkae muandike upya siku ile nzima kwenye versioni mpya, mama wa kese kwenye kese yake, kijana wa depo kwenye depo yake, na emprimante yao ile ile, karatasi ile ile. Mangaribi mnalinganisha kese. Tulipofanya hivi ndipo tuligundua tikiti inakatwa sentimita moja kabla ya mstari wa jumla kwa franka. Hakuna mtihani wa kwenye meza ungelionyesha hilo.

Fanya hivyo Kasumbalesa pia, kwa mtandao wao, siyo kwa mtandao wa buro kubwa. Versioni mpya zinabeba vitu vizito zaidi kwenye ekrani.

Mafunzo yaje wiki ya mwisho, siyo mwezi kabla, watasahau. Saa mbili kwa kila kazi, na karatasi moja ukutani yenye picha za mahali vitu vilipohamia.

Wikiendi yenyewe

Mtandao uupime kabla. Bakapu ya giga 12 kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde inakula masaa matano na dakika ishirini kama haukatiki hata mara moja, kwa hiyo kama serveri mpya iko mbali hesabu hiyo iingie, au folda ya mafaili ipelekwe siku tatu kabla na siku yenyewe upeleke yaliyoongezeka tu. Grupe ijazwe mafuta ijumaa na iwashwe nusu saa ionekane inabeba mzigo.

Jumamosi saa nane mchana kese zinafungwa zote, Kolwezi na Kasumbalesa pia, kila mtu anatoka na kontabli anathibitisha kwa simu. Saa tisa bakapu, nakala mbili, moja kwenye disko inayotoka nje ya jengo, na unaijaribu kwa kuirejesha, bakapu ambayo haijarejeshwa bado hujui kama ni bakapu. Saa kumi na moja kupandisha kunaanza. Usiku watu wawili, siyo mmoja. Jumapili asubuhi kulinganisha akaunti na stoki, mchana kujaribu faktire kumi za aina kumi na kuziondoa.

Na saa ya kurudi nyuma iandikwe kabla, isainiwe na patro: jumapili saa kumi alasiri, kama akaunti hazijalingana au kese haitoi tikiti, tunarudi kwenye ya zamani bila mjadala. Saa hiyo mtakuwa mmechoka na kila mtu atasema "bado kidogo", ndiyo maana uamuzi uwe ulishafanywa wiki mbili kabla na vichwa vilivyolala vizuri. Toka jumatatu kese ya kwanza ikishauza, kurudi ni kuandika upya mauzo yote, kwa hiyo mlango unafungwa pale.

Jumatatu uwe pale kabla ya wao kufika. Mimi nakaa kwenye kiti kile kile pembeni ya mama wa kese. Wiki ya kwanza hakuna rekebisho jipya hata moja, hata dogo, hata patro akiomba, unaandika tu kwenye orodha. Versioni ya zamani inabaki ya kusoma tu mpaka mwezi ufungwe, TVA itangazwe na kontabli aseme zimelingana, ndipo unaizima na kuweka bakapu yake ya mwisho kabatini pamoja na ile orodha ya moduli tisa, kila moja na ukurasa wake: inafanya nini, nani aliiomba, nani aliiandika.